Miaka Kumi na Saba Ndani ya Dubu

Thandeka, aliyenirithi kazi ya kuvaa vazi la dubu, ameniomba niandike namna ya kuosha kichwa cha dubu. Alidhani ni kazi ya nusu ukurasa. Pole yake, na poleni ninyi mtakaokuja baada yake, kwa sababu mimi nikishika kalamu siiachii upesi, na kichwa cha dubu hakioshwi bila kwanza kueleza kilifikaje mikononi mwangu. Wanaotaka kujua nilipanda vyeo gani niwaambie mapema wasije wakangoja bure: niliingia kazini nikiwa dubu, nikatoka nikiwa dubu.

Naitwa Mama Neema, mtu wa Bukavu. Durban nilifika na watoto wanne na ufundi mmoja tu, kusuka. Nilisuka katika saluni moja katikati ya mji, ghorofani, juu ya duka la simu, na ningekuwa naandika mambo ya saluni leo kama asubuhi moja asingeingia mwanamume wa makamo amevaa tai, ameshika mfuko mkubwa wa plastiki.

"Samahani akina mama," alisema kwa Kiswahili cha Tanzania. "Kuna anayeweza kushona nywele hapa?"

"Papa, sisi wote tunashona nywele," nikamjibu. "Iko ya bibi yako?"

Akaingiza mkono mfukoni akatoa mkono mwingine. Mnene, wenye manyoya meupe na kucha nyeusi, umechanika begani. Mteja niliyekuwa namsuka aliruka kitini na kichwa chake kimesukwa nusu.

"Yesu wangu! Na mwili iko wapi?"

"Mwili uko Mobeni," akajibu, bila kucheka hata kidogo.

Huyo ndiye Mwalimu Eliakimu, mwalimu wangu katika kila kitu nitakachowaeleza. Alizaliwa Moshi, akaja Durban kusomea sayansi, akabaki. Alikuwa na mradi mdogo wa kuzunguka mashuleni akiwaeleza watoto habari za dubu wa barafu, yule mnyama mweupe wa kaskazini kabisa mwa dunia, na hatari iliyompata tangu hewa ilipoanza kuharibika. Kiwanda kimoja cha barafu huko Mobeni, mtaa wa viwanda, kwa kuwa mifuko yake ilikuwa na picha ya dubu, kilimpa stoo, gari la zamani na vazi la dubu. Vazi lilikuwa limechoka. Mafundi cherehani walilikataa wakisema manyoya si kazi yao.

Mimi sikukataa. Nilikuwa na sindano ya kupinda, ile tunayoshonea nywele za bandia, na nilikuwa na pakiti sita za nywele nyeupe zilizoning'inia ukutani miaka mitatu bila mnunuzi, maana hakuna mwanamke anayelipa ili aongezewe mvi. Nikashona ule mkono mpaka usingejua ulichanika wapi. Mwalimu akaugeuza, akaupapasa, akaniuliza kama ninaweza kuja Mobeni kutazama na makalio.

Siku niliyokwenda kushona makalio, mtu wa ndani hakuja. "Mtu wa ndani" ndivyo tunavyomwita anayevaa dubu. Alikuwa amepata kazi melini, akaondoka bila kuaga. Gari lilikuwa tayari, shule ilikuwa inangoja, na Mwalimu akaanza kunitazama kama mtu anayepima kitambaa.

"Mama Neema, urefu wako ukoje?"

"Mwalimu, usinichezee. Miye niko na watoto ine."

"Kwani dubu hazai?"

Basi, ndivyo nilivyoajiriwa. Hakuna barua wala mahojiano. Nilivaa miguu, nikavaa mwili, nikafungwa zipu mgongoni, na nikabeba kichwa mapajani njia nzima kwa sababu kiyoyozi cha gari kilikufa zamani. Tuliposimama kwenye robot, taa za barabarani zikiwa nyekundu, dereva wa taxi akachungulia dirishani kwetu, akanitazama kuanzia kidevu mpaka kwenye kucha. "Eish, Mama," akasema, "na mimi nasikia baridi asubuhi, lakini wewe umezidisha!"

Sasa mambo ya kazi, mwandike. Dubu haoni kwa macho, anaona kwa mdomo. Macho yake ni ya plastiki. Wewe unachungulia kwenye wavu mweusi kooni mwake, kwa hiyo ukitaka kumwona mtoto lazima uinue pua juu kana kwamba unamdharau. Siku ya kwanza sikulijua hilo. Nilimgonga mwalimu mkuu, nikapiga saluti kwenye kabati, nikakanyaga ua la plastiki. Lakini watoto! Jamani, zile kelele! Katika maisha yangu nilikuwa nimekimbiwa na kufukuzwa, nimepangishwa foleni nchi tatu, na hakuna mahali nilipoingia watu mia tatu wakaruka kwa furaha kwa sababu tu mimi nimefika. Nililia humo ndani. Nilicheka na kulia kwa pamoja, na kwa kuwa hakuna aliyeniona, nikafanya kitu ambacho Mkongo yeyote angefanya: nikacheza. Nikakata kiuno, nikashuka mpaka chini, nikapanda. Watoto nusura wabomoe ukumbi.

Nilipovua kichwa nyuma ya gari nilikuwa natoa mvuke kama sufuria ya ugali. Mwalimu akanipa maji.

"Umecheza vizuri sana, Mama Neema," akasema. "Sasa umekufa."

"Nimekufa namna gani?"

Akanieleza. Mwili wa dubu umeumbwa kushika joto, si kulitoa. Akikimbia sana anachemka hata kwenye theluji. Chakula chake ni sili, mnyama mnene wa baharini, naye humvizia juu ya barafu iliyoganda baharini, kwenye tundu ambako sili huja kuvuta pumzi. Barafu ikiwahi kuvunjika, uwindaji umekwisha. Dubu anapanda nchi kavu na kuishi kwa mafuta yake mwenyewe, anangoja bahari igande tena, na siku hizi inachelewa kuganda.

"Kila hatua ni mafuta," alisema. "Dubu anayekata kiuno kiangazi hafiki majira ya baridi."

Nikamwuliza yeye anajuaje, ameshafika huko? Akasema hajafika, ila amekulia chini ya Kibo, na alipokuwa mtoto mlima ulikuwa umevaa kanzu nyeupe. Sasa kila akirudi nyumbani anakuta umebaki na kofia, nayo imetoboka. Alilisema taratibu akitazama usukani. Tangu siku hiyo sikumbishia tena kuhusu barafu, ingawa kwa mengine nilimbishia mpaka nilipostaafu.

Akanifundisha kungoja. Tuliweka tairi sakafuni, hilo ndilo tundu, nami nikakaa mbele yake, pua chini, bila kutikisika. Mara ya kwanza nilidhani watoto watatuzomea. Dakika moja, wanacheka. Ya pili, wanasukumana. Ya tatu, jambo linatokea ambalo sijawahi kuliona kanisani wala mahakamani: watoto mia tatu wananyamaza wenyewe. Unawasikia wakipumua. Halafu Mwalimu anachomoza sili kwenye tairi, soksi ya kijivu iliyojazwa pamba, nami naruka! Kuna mwalimu mmoja wa hesabu alipanda juu ya meza na hakushuka mpaka tulipoondoka.

Soksi mara nyingi ilinikwepa. Mwalimu alitaka hivyo, kwa sababu sili humponyoka dubu mara nyingi kuliko anavyokamatwa.

Sasa kuosha, ambako ndiko Thandeka alikotaka nianzie. Nitaanza na kosa langu ili msilirudie. Mwezi wa kwanza niliona dubu amekuwa wa manjano, nikaona aibu. Mimi mtu wa saluni, nitoke na kichwa kichafu? Nikampeleka nyumbani. Nikamwosha kwa shampuu, nikamtia buluu ya kufulia, nikampaka kilainisha nywele, nikamfunga rola kichwa kizima, nikamkausha kwa draya, na mwisho mafuta kidogo ya nazi yang'ae. Asubuhi nilimleta Mobeni mweupe kama bibi harusi, amejaa mawimbi mpaka masikioni. Nilikuwa nangoja kusifiwa.

Mwalimu alimzunguka dubu mara mbili.

"Anakwenda harusi ya nani?"

Shuleni ikawa mbaya zaidi. Joto lilipopanda, yale mafuta yakaamka, na mtoto mmoja wa mstari wa mbele akatangaza kwa sauti kwamba dubu ananukia kama shangazi yake. Ukumbi mzima ukaja kunusa.

Hapo ndipo nilipofundishwa kwamba dubu wa kweli ana umanjano wake, na kwamba nywele zake hazina rangi kabisa. Ziko wazi kama uzi wa kuvulia, na kila mmoja una uwazi ndani. Mwanga ndio unaomfanya aonekane mweupe. Na chini ya nywele hizo, ngozi yake ni nyeusi.

"Nyeusi namna gani?" nikauliza.

Mwalimu akautazama mkono wangu. "Hivyo hivyo."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mnyama anayejulikana dunia nzima kwa weupe, kumbe ni mwenzetu amevaa nywele za bandia! Nilikwenda saluni kuwaambia wenzangu jioni ileile, nao wakaimba.

Kwa hiyo: maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, chana kwa kitana cha meno mapana kuanzia ncha, kausha kivulini. Rola ni marufuku. Kichwa hakilowekwi, kina sifongo ndani. Kinapuliziwa kinywaji kikali kisicho na rangi, kilichochanganywa na maji, maana hicho huua harufu bila kuharibu sifongo. Mwalimu, ambaye ni mzee wa kanisa, alikataa katakata kuingia duka la pombe, hivyo nikawa naingia mimi, kila mwezi, chupa moja kubwa. Miaka minne baadaye niligundua kwamba kikundi cha akina mama wa kanisa langu kilikuwa kimefunga na kuniombea. Nilipowaambia pombe ni ya dubu, waliongeza siku tatu.

Chombo cha muhimu kuliko vyote ni fulana ya barafu. Ina mifuko minane, unaijaza pakiti za barafu kutoka kiwandani. Na kando ya fulana, saa ya Mwalimu. Alikuwa na daftari la kuandika nilikaa ndani dakika ngapi kabla sijainua mkono wa kushoto, ishara yetu ya kusema nimezidiwa. Nilipoanza, hata mwezi wa pili, Durban ikiwa inachemka, nilikaa dakika ishirini na tano. Baadaye ikawa ishirini. Ikawa kumi na tano. Miaka ya mwisho, kumi. Nilimwambia Mwalimu tuwaonyeshe watoto lile daftari, waone joto lilivyopanda. Akaniambia nisiisingizie hewa peke yake, na mimi nimenenepa. Alikuwa mtu wa haki kupita kiasi.

Sasa niwaeleze siku ya Chatsworth, kwa sababu bila siku hiyo msingekuwa na kazi.

Kiwandani alikuwa amekuja meneja mpya, Bi Pillay, mwanamke mwembamba mwenye faili. Hakuwa mtu mbaya. Aliona tu kwamba dubu amezeeka, gari limezeeka, na Mama Neema naye hajawa kijana. Alitaka kununua skrini kubwa, watoto watazame filamu ya dubu wa kweli, na vazi litupwe. Mwalimu akamsihi aje aone onyesho moja kwanza. Alikubali, akachagua mwenyewe shule ya Chatsworth, ukumbi wa bati, mwezi wa pili. Usiku wa kuamkia onyesho sikulala. Sikuogopa kurudi saluni, vidole vyangu bado vilikuwa hai. Nilimwogopea dubu. Nilijiambia, filamu haina uzito, filamu haikugongi, mtoto anaitazama huku akifikiria chakula. Wakimtupa huyu, nani atawafanya watoto wa Durban, ambao hawajaona theluji hata ya kusingiziwa, wamwone dubu kuwa ni mtu wao?

Onyesho lilianza vizuri. Bi Pillay alikaa mbele pembeni, faili magotini. Nikaingia, wakapiga kelele, nikakaa kwenye tairi. Dakika ya tano barafu ya fulana ilikuwa imekwisha kuwa chai. Dakika ya saba nikaanza kuona nyota kooni mwa dubu. Nikainua mkono wa kushoto. Mwalimu alikuwa amenipa mgongo, anawaeleza watoto. Nikainua tena. Watoto wakanipungia.

Nikakaa chini, pwaa, kama gunia.

Halafu msichana mmoja wa mstari wa mbele akanyanyuka na chupa yake ya maji, akanijia, akamimina yote mdomoni mwa dubu. Yaani usoni mwangu! Sijawahi kunywa kitu kitamu kama kile. Kuona hivyo, wengine wakaja na madaftari kunipepea, mstari wa kwanza, wa pili, kurasa zinaruka, walimu wanapiga makofi warudi na hakuna anayerudi. Nikageuza mdomo pembeni, na nani nikamwona? Bi Pillay, amesimama, ananipepea kwa lile faili kwa nguvu zake zote, karatasi za kiwanda zinapeperuka ukumbi mzima.

Kanuni ya kwanza ya kazi hii, aliyonifundisha Mwalimu siku ya kwanza, ni kwamba kichwa hakivuliwi mbele ya watoto. Miaka kumi na mitano sikuivunja. Siku hiyo nilishika masikio mawili nikavuta.

Watoto wakarudi nyuma hatua moja. Mbele yao alikuwa mwanamke mweusi, mnene, kilemba kimelowa, jasho na maji vinamtiririka.

"Hawu!" msichana wa chupa akasema. "Ni gogo!" Gogo ni bibi kwa Kizulu, na nilistahili.

Sikuwa na Kiingereza cha kutosha kwa jambo lile, na Kizulu kilikimbia. Nikasema kwa lugha yangu, na Mwalimu akatafsiri.

"Ndani humu iko joto sana, batoto. Miye naweza kuvua. Yeye hawezi kuvua."

Watoto wakaja kuligusa vazi, mmoja mmoja, taratibu, wakitia mikono ndani kuupima ule moto. Bi Pillay naye alitia mkono wake mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akaanza kuokota karatasi zake. Njiani kurudi Mobeni Mwalimu aliendesha, mimi nilikumbatia kichwa nikihesabu kuwa ndiyo safari yake ya mwisho.

Kesho yake Bi Pillay alituita ofisini. Alisema ameagiza fulana mbili mpya za barafu, na ameagiza mtu wa kupokezana na mimi kabla sijafia kwenye mali ya kiwanda. Mwalimu alimshukuru kama mtu mzima. Mimi niliruka. Nilimkumbatia Bi Pillay mpaka miguu yake ikaacha sakafu, na nasikia mpaka leo anawasimulia watu kwamba amewahi kubebwa na dubu.

Mtu aliyeletwa ndiye Thandeka, Mzulu mwenye miguu mirefu aliyejifunza Kiswahili kwa kusukwa na Wakongo. Nilimfundisha miaka miwili: kungoja, kuchana, kuona kwa mdomo. Kucheza nilimkataza, nikaona haya nilipokuwa namkataza. Yeye naye akaongeza mambo yake, ambayo sikuyatazama, kwa sababu siku zake mimi nilibaki garini na magoti yangu.

Mwezi uliopita nilistaafu, na Mwalimu akaniambia kuna jambo moja sijalifanya kazini. Miaka kumi na saba sijawahi kumwona dubu akiingia. Kweli! Nilikuwa ndani muda wote.

Basi nikakaa sakafuni na watoto wa darasa la pili, mstari wa mbele. Mlango ukafunguliwa. Mimi ninayejua kila mshono wa mnyama yule, ninayejua kwapa la kulia limeshonwa kwa nywele za pakiti ya sita, nilipiga ukelele mpaka mtoto wa pembeni yangu akanishika mkono kunituliza. Mkubwa! Mzuri! Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni mzuri vile.

Mwishoni Mwalimu akatandika shuka jeupe, dubu akapanda juu yake. Huu ni mchezo wa Thandeka, sikuujua. Shuka ni barafu. Mwalimu anahesabu mwaka, analikunja nusu, na dubu anajibana. Mwaka mwingine, nusu tena. Ikafika dubu amesimama juu ya kitambaa kisichozidi taulo la kunawia, kwa mguu mmoja, anayumba, mikono hewani. Watoto wakaanza kupiga kelele asianguke. Mwalimu akainama kukunja tena.

Sijui nilifikaje. Magoti haya hayanyanyuki hata kwa sala, lakini nilijikuta nimeukumbatia mguu wa dubu kwa mikono yote miwili, nimelikanyaga shuka kwa kisigino, nacheka na kulia mbele za watu. Watoto wakaja nyuma yangu, wakashika mguu wa pili, kiuno, mkia.

"Mama," Thandeka akanong'ona kutoka juu, ndani, "niachie. Onyesho limekwisha."

"Sikuachii," nikamwambia. "Kunja tu, Mwalimu. Sisi hatumwachii!"